Tulipolingana Sitini na Nne

Zuhura mwanangu,

Salamu zangu hazina safari ndefu, maana wewe uko chumba cha pili unabishana na mama yako kuhusu blanketi. Nakusikia unamwambia huko uendako hakuna baridi ya kiasi hicho, naye anakujibu kwamba hajakuuliza. Blanketi utalibeba, usijisumbue. Mimi mambo ya blanketi, ya mafuta ya kula na ya kupiga simu ukifika nimemwachia yeye, anayaweza kuliko mimi. Nimekaa hapa sebuleni tangu nilipotoka kuswali magharibi, na nimeshachana karatasi kabla ya hii.

Najua umemuuliza mama yako kama nimekukasirikia. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akasema, "Baba Zuhura, mtoto anaondoka kesho, na wewe tangu Jumamosi umenuna. Kakukosea nini?" Nikamwambia hajanikosea kitu. Hakuniamini, na wewe usingeniamini, ndiyo maana naandika. Sikununa, mwanangu. Nilishtuka. Nilishtuka Jumamosi, nikashtuka zaidi jana. Nataka ujue kilichonishtua kabla hujasimama mbele ya mwamba wowote huko, watu wamekuzunguka na helmeti zao wakisubiri kusikia unasemaje.

Wazo la kwenda machimbo lilikuwa langu. Umeajiriwa kuwa mjiolojia wa handaki, kazi niliyoifanya mimi miaka yote uliyonijua, na nilitaka kabla hujaondoka tusimame pamoja mbele ya jiwe, baba na binti, kila mmoja na nyundo yake. Tukachukua bodaboda mpaka yale machimbo ya kokoto yaliyoachwa, njia ya Hombolo. Nikakuambia tuupime ule ukuta wa mwamba kama vile ni handaki lililolipuliwa asubuhi, kila mtu kivyake, bila kuchungulia kwa mwenzake.

Mama yako atakuomba umsomee barua hii, kwa hiyo niandike na yale unayoyajua. Sisi, mama Zuhura, huwa tunaupa mwamba alama kama anavyopewa mtoto wa shule. Tunatazama ugumu wa jiwe lenyewe. Tunatazama nyufa zimekaribiana kiasi gani, na nyuso za nyufa hizo kama zina mikwaruzo ya kushikana au zimejaa udongo wa kuteleza. Tunatazama maji. Tunatazama mwelekeo, yaani nyufa zimelala upande gani, kwa sababu zipo zinazolala vizuri na zipo zinazolala vibaya juu ya vichwa vya watu. Kila kipengele kina alama zake, tunajumlisha, na jumla inatupa daraja, kuanzia la kwanza ambalo ni mwamba safi hadi la tano ambalo ni kama kifusi. Daraja ndilo linalosema bolti ngapi za chuma zichomekwe darini na zege la kupuliza liwe nene kiasi gani. Ndiyo kazi yenyewe, hakuna uchawi.

Nilikutazama kwa pembeni ukiifanya. Ulivyogonga, ukasikiliza, ukapitisha kidole kwenye ufa, ukalaza dira, nilijisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Ulipomaliza ukasema, "Baba, tutaje kwa pamoja." Tukataja kwa pamoja. Sitini na nne, tukasema wote wawili. Daraja la pili, mwamba mzuri. Ulicheka mpaka dereva wa bodaboda akainua macho kutoka kwenye simu yake. Mimi nami nilicheka, nikajisemea huyu ni wangu kweli kweli. Tukakaa kwenye kivuli kula zabibu, tukasema mengine.

Halafu wakati tunakung'uta vumbi ili tuondoke, nikakuuliza kwa kujifurahisha tu, "Ulikata alama wapi?" Ukanijibu bila kufikiri, "Kwenye mwelekeo, Baba, nimekata sana. Maji nimeyapa zote, pakavu kabisa pale." Mimi nilikuwa nimekata kwenye maji, kwa sababu upande wa kushoto niliona mstari mweupe wa chumvi unashuka kutoka kwenye ufa, alama kwamba mvua zikinyesha maji hupita hapo. Mwelekeo nilikuwa nimeupa nafuu, sikuona kibaya chochote. Kumbe tulisimama mbele ya ukuta mmoja, kila mtu akapima ukuta wake, halafu tukapongezana. Uliniuliza, "Nimekosea, Baba?" nikakuambia twende, jua kali. Mpaka nyumbani sikusema tena.

Sasa nikueleze kwa nini. Wewe ukiwa bado shule ya msingi nilifanya kazi kwenye handaki la kupitisha maji, vilima vya kaskazini. Sitalitaja jina, waliokuwepo wanalijua. Mimi nilikuwa upande wa mhandisi mshauri, yaani tunaomsimamia mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi. Upande wa mkandarasi alikuwepo Lameck, Mgogo wa Mpwapwa, mrefu, mwenye sauti ambayo hata akinong'ona unasikia kambi nzima. Utaratibu ulikuwa hivi: baada ya kulipua, moshi ukishatoka na mawe yaliyolegea yakishaangushwa kwa mtaimbo, mimi na Lameck tunaingia, kila mmoja anapima kivyake, tunatajiana jumla. Zikilingana tunasaini, na watu wanaingia kufunga bolti za daraja hilo. Zisipolingana tunarudi kipengele kwa kipengele mpaka tuelewane.

Karibu kila siku hazikulingana. Kila upande una masilahi yake kwenye daraja, hilo utalikuta na wewe, lakini kwetu ilikuwa zaidi ya masilahi. Tulikuwa wabishi tu. "Issa, hapo umeona maji gani? Hilo ni jasho." "Jasho la mwamba, Lameck? Weka kidole." "Nimeweka." "Weka na kingine." Tukianza hivyo wafanyakazi wanakaa juu ya mabomba, mmoja anatangaza, "Mahakama imekaa," wengine wanafungua chupa za chai. Aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni Elia, nyapara wa wachorongaji, wale wanaotoboa mwamba, mtu wa Bahi. Alikuwa akisimama kama karani na kutuambia, "Waheshimiwa, toeni hukumu, jua linatuchwea," na humo ndani jua halijawahi kuonekana. Alikuwa mtu wa kucheka sana, na alijua kazi yake, na watu walimpenda.

Meneja wa mradi alitulalamikia kwamba tunachelewesha kazi. Hakusema uongo, tulichelewesha. Mimi mwenyewe nilikuwa narudi kambini nimechoshwa na Lameck, natamani ipatikane siku moja tukubaliane, tukapumzike.

Siku hiyo ikapatikana. Tuliingia, tukapima, tukatoka, tukataja, na jumla ikawa moja. Tukatazamana kama watu waliookota kitu. Lameck akanipa mkono, akasema, "Mrangi leo kaamka na akili." Nikamwambia ni yeye aliyepona. Tukasaini tumesimama. Elia akapita na watu wake, akasema, "Mahakama leo imefungwa mapema. Mmeoana?" Tukacheka wote. Wao wakaingia ndani, sisi tukaenda kunywa chai.

Nilikuwa bado napuliza kikombe fundi umeme alipokuja anakimbia. Akasema, "Limeshuka." Sikumwelewa. Akasema tena, "Jiwe limeshuka, Elia yuko chini." Na mimi nitakuandikia neno nililolitamka, ambalo hata mama yako hajalisikia mpaka leo utakapomsomea. Nilisema, "Haiwezekani, pale ni daraja la pili." Yule fundi alinikodolea macho. Mtu yuko chini ya jiwe, nami namjibu kwa alama. Lilinitoka lenyewe, mwanangu, na nililiamini wakati nalitamka.

Elia hakutoka mzima. Mengine ya humo ndani sitayaandika. Lakini jiwe lenyewe nitakueleza, kwa sababu ndilo lililonishangaza kuliko vyote nilivyowahi kuona chini ya ardhi. Lilikuwa pande moja lenye umbo la kabari, gumu, safi, halina hata mkwaruzo. Lilikuwa limechomoka darini zima zima. Nililizunguka nikaligonga kwa nyundo, likalia ile sauti nzuri tunayoipenda, ya mwamba usio na tatizo. Nikaligonga tena, kana kwamba litabadilisha sauti. Mpaka mtu mmoja akaja akaniondolea nyundo mkononi.

Jioni Lameck akaja akakaa karibu yangu, kwenye karavati la barabara ya kambi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza kwa sauti ya chini. Akaniuliza, "Issa, ulikata wapi?" Nikamwambia nilikata kwenye nyuso za nyufa na kwenye maji, kwa sababu kwenye bega la handaki, pale ukuta unapoanza kuwa dari, upande wa kushoto, niliona ufa una udongo umelowa, mvua zilikuwa zimeanza. Akasema yeye hakuuona kabisa ufa huo. Yeye alikata kwenye mwelekeo. Aliona nyufa mbili darini zimeegemeana kama mapaa ya nyumba. Mimi hizo sikuziona. Kila mmoja akaanza kuziunganisha kichwani. Zile mbili zake na huo mmoja wangu. Jiwe lile lilihitaji zote tatu ili lishuke, na kati yetu wawili tulikuwa nazo zote tatu tangu kabla ya chai.

Tungebishana kama tulivyobishana siku nyingine zote, angetaja zake, ningetaja wangu, na hata kipofu angeona jiwe linaning'inia. Hatukubishana kwa sababu jumla zililingana. Lameck alijifunika uso kwa helmeti yake, mtu mzima yule.

Walikuja wachunguzi, wakapiga hesabu zetu upya. Wakakuta kila alama iko mahali pake, utaratibu umefuatwa, saini zipo. Hakuna aliyeadhibiwa. Labda utafikiri nilishukuru. Nilishtuka, mwanangu, nilishtuka kama vile wamenihukumu kifungo, kwa sababu nilikuwa nasubiri waniambie kosa langu ili nilijue na nisilirudie, nao wananiambia hakuna kosa. Kwa mke wa Elia nilikwenda na Lameck. Aliuliza swali moja tu, kwa Kigogo, Lameck akanitafsiria. Aliuliza kama mume wake alikuwa ameonywa. Lameck akamjibu hapana.

Usidhani nakuambia uichukie hesabu hii ya madaraja. Mimi naipenda, na ningekuwa mjinga kukunyang'anya kitu kitakachokulinda siku nyingi zaidi ya kukuangusha. Nilianza kazi nikakuta mmoja anauita mwamba "mbaya kidogo", mwingine anauita "si haba", na kila mmoja ana maana yake. Huwezi kujenga namna hiyo. Madaraja yametupa lugha moja. Mtu aliye ofisini, ambaye hajawahi kufika kwenye eneo, unamwambia daraja la nne na anajua alete nini. Wanaopanga mradi wanaweza kukisia gharama na muda hata kabla ya kuchimba. Na wewe mwenyewe, siku kichwa kinauma na meneja anapiga kelele, ile orodha ya vipengele itakulazimisha uangalie maji, uangalie nyufa, wakati ungependa kuangalia saa tu. Sehemu kubwa ya handaki lile tulilichimba kwa madaraja hayo na maji yanapita humo mpaka leo.

Ila ujue mipaka yake, uijue kama unavyoijua njia ya nyumbani. Waliotunga hesabu hii walikusanya mifano ya mahandaki waliyoyaona wao, kwenye nchi zao. Ukikutana na mwamba au handaki lisilofanana na yale, jumla bado itatoka, tena nzuri, haitakuambia kwamba hapa sijui. Mwamba uleule uliosimama wenyewe juu ya handaki jembamba unaweza usisimame juu ya handaki pana. Na kwetu huku utaupima mwamba kiangazi, vumbi tupu, uyape maji alama zote, halafu mvua zianze kunyesha na alama zako zibaki pale pale kwenye karatasi. Umewaona madalali wa Kibaigwa wanavyochoma gunia kwa bambo, wanatoa punje chache kiganjani, wanatangaza mahindi haya ni daraja fulani. Wanaweza kuwa sahihi, lakini yaliyo katikati ya gunia hawajayaona. Na wewe mbele ya handaki utakuwa unaona ngozi tu. Nyuma yake huoni.

Na baya kuliko yote ni jumla yenyewe. Jumla inachanganya. Alama za jiwe gumu zinafidia alama za ufa mbaya, kana kwamba ufa unajua kwamba jiwe ni gumu ukaamua kutulia. Kabari haijali jumla, inajali zile nyufa tatu. Kwa hiyo mtu akikutajia jumla, hata iwe ile ile uliyoipata wewe, hajakuambia bado alichokiona. Muulize alikata wapi. Hilo swali nimewafundisha vijana wote waliopita mikononi mwangu baada ya Elia, na hakuna hata mmoja asiyelijua.

Basi sikiliza sasa kilichonipata jana. Nilimwambia mama yako naenda Majengo kununua karanga, na nikarudi na karanga ili asiulize. Kwanza nilikwenda machimbo. Nilitaka kuona ulichokata wewe. Jumamosi nilikuwa nimesimama kushoto muda wote, nimependezwa na mstari wangu wa chumvi kama mtu aliyeokota dhahabu, kwa hiyo jana nikaenda nikasimama kulia, mahali uliposimama wewe.

Niliziona. Nyufa mbili, zimeegemeana, zinakwenda kukutana nyuma. Nikafuata ule ufa wangu wa chumvi kutoka upande wa pili, nikakuta unapita chini yao na kulikata pande lote. Lile pande lilikuwa ni ule mdomo wa mwamba uliojitokeza nje, mahali pekee penye kivuli saa ile ya mchana. Nilipanda pembeni nikaingiza mkono kwenye ufa wako, ukaingia mpaka kwenye kifundo. Nikautoa taratibu. Nikarudi nyuma mpaka nje kabisa kwenye jua, nikakaa chini. Chini ya pande lile, mwanangu, ndipo tulipokaa kula zabibu. Mimi ndiye niliyekuonyesha mahali pa kukaa.

Mtu mzima mimi, mwenye miaka yote hii ya kazi, niliyemzika Elia, mwalimu wa swali la ulikata wapi. Binti yangu akataja namba yangu na mimi nikafurahi kiasi kwamba sikuuliza mpaka tumeshashiba. Nilidhani lile jambo lilinifundisha. Kumbe lilinifundisha kuwauliza wengine tu.

Na bado hilo si lililonikosesha usingizi. Nilipokuwa nimekaa pale juani ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi, nilipokuambia kaa hapa, ulitazama juu. Ukasema, "Lakini Baba, hapa juu..." Nami nikakukatiza, nikakuambia, "Kaa, mwanangu, tumelingana." Ukasema, "Ndiyo, Baba." Ukakaa. Tena ulisogea ili mimi nipate sehemu kubwa ya kivuli.

Uliziona zile nyufa. Ulizikatia alama nyingi, ulijua zimelala vibaya, na ulikaa chini yake kwa sababu baba yako amesema. Nimelirudia jambo hilo kichwani usiku kucha na leo mchana kutwa. Hukukosa utaalamu hata kidogo, unao kuliko mimi. Ulichonacho ni adabu, na adabu hiyo nimekupa mimi.

Mtaa wetu mzima wa Chang'ombe unakusifia. Wanasema binti wa Mzee Issa hajibizani na wakubwa, na mimi nikipita dukani naambiwa hongera, nami napokea. Unakumbuka ile Idi tuliyokwenda Kondoa, ulipomwambia babu yako mdogo kwamba amekosea kuhusu njia ya kupita, gari lisingefika? Nilikushika mkono nikakurudisha ndani umwombe radhi mbele ya wageni. Ulilia. Gari likaenda kwa njia ya babu, likanasa kwenye mchanga wa korongo, tukashinda pale mpaka jua linazama. Ulikuwa sahihi na mimi nilijua kwamba uko sahihi wakati nakupeleka kuomba radhi. Sijawahi kukuambia. Hukulitaja tena, na kuanzia hapo sijawahi kukusikia ukimsahihisha mkubwa yeyote. Nilidhani nimefanikiwa malezi.

Sasa nakupeleka mahali ambapo wakubwa watakuwa wengi. Utamkuta mjiolojia wa upande wa pili mwenye mvi, amepima mahandaki mengi kabla hujazaliwa. Atataja jumla, na utaona imekaribiana na yako, au imelingana nayo kabisa, na atakutabasamia kama nilivyokutabasamia mimi. Meneja atakuwa anatazama saa. Watu watakuwa wameshabeba vifaa, wako tayari kuingia. Kila kitu ulicholelewa nacho kitakuambia useme "ndiyo, mzee". Hapo ndipo ninapoogopa, Zuhura. Simwogopi yeye wala mwamba. Naogopa hiyo "ndiyo" yako, kwa sababu nimeiona Jumamosi ikitoka bila hata kutikisika.

Sikuambii uache heshima. Mwamkie shikamoo, mpe kiti, mbebee dira yake kama amechoka. Halafu ubaki umesimama. Muulize alikata wapi, na akikujibu kwa mkato, uliza tena. Mwambie na wewe ulikokata, moja moja, mpaka mwisho, hata kama anakuona msumbufu, hata kama watakupa jina la utani kambini kama walivyotupa sisi. Sentensi uliyoianza, imalize. Akikukatiza, subiri anyamaze na uianze upya kutoka mwanzo. Mkubwa atakayekasirika leo utamwomba radhi kesho, na atakuwepo wa kuombwa.

Mimi huko sitakuwepo. Kwa hiyo kesho stendi, mizigo ikishapakiwa, kabla hujapanda, nitakuambia mbele ya mama yako na mbele ya kondakta kwamba ule mwamba ni sitini na nne, mzuri, na mtu anaweza kukaa chini yake. Nataka unikatalie. Usinikatalie kwa kuinamisha kichwa, nikatalie kwa sauti, uniambie nimekosea na unieleze nimekosea wapi, nami nitabisha kama nilivyokuwa nabishana na Lameck, na wewe usikubali. Watu wataona binti anamjibu baba yake hadharani, waache waone.

Ukiniitikia "ndiyo, Baba", begi lako nitalishusha mwenyewe kwenye buti na tutarudi wote nyumbani.

Baba yako,
Issa